Kwenye lulu, mng'ao kwanza

Wauzaji wengi wa lulu huanza na ukubwa. Hii milimita 8, hii 10, tazama ilivyo duara. Ukubwa na uduara huonekana mara moja hata kwa mtu asiyejua lolote, kwa hiyo ni rahisi kuvipandishia bei. Mimi naona vyote viwili visubiri. Lulu iliyofifia haiokolewi na ukubwa. Ikiwa kubwa ndiyo kwanza kufifia kwake kunaonekana toka mbali.

Mng'ao wa lulu hautokani na mkono wa fundi. Almasi huchongwa ndipo ikang'aa, lakini lulu hutolewa kwenye chaza ikiwa imeshakamilika. Chaza akiingiwa na kidudu au akijeruhiwa, huzungushia mahali pale tabaka juu ya tabaka la kile kile kinacholainisha upande wa ndani wa ganda lake. (Ile hadithi ya punje ya mchanga ni tamu, lakini chaza anaishi na mchanga maisha yake yote na ana namna ya kuutoa.) Tabaka hizo zimejengwa kwa vibamba vya madini ya aragonaiti, kila kimoja na unene wa karibu nusu maikromita (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), vikiwa vimegandishwa kwa protini. Mwanga ukigonga lulu, baadhi yake hurudi kutoka juu na mwingine hupenya na kurudi kutoka tabaka za chini, na kukutana kwa mianga hiyo ndiko kunakoifanya lulu nzuri ionekane inawaka kwa ndani. Vibamba vikipangika sawasawa, mng'ao huwa mkali. Wafugaji wa lulu za Akoya, aina ya chaza, nchini Japani huvuna majira ya baridi kwa sababu hiyo hiyo: maji yakipoa chaza hujenga polepole, na tabaka za mwisho hutoka laini zaidi.

Kuupima mng'ao hakuhitaji kifaa. Weka lulu juu ya kitambaa cheupe kisichong'aa, karibu na dirisha, mbali na taa kali za dukani, kisha tazama taswira ya dirisha juu ya lulu. Kingo za taswira zikiwa wazi, na ukiinama ukauona uso wako umepinda mle ndani, hiyo ni lulu ya kuulizia bei. Kingo zikiwa zimetawanyika, au lulu ikawa nyeupe kama chaki, irudishe. Na usikubali kuitazama juu ya velveti nyeusi peke yake. Weusi ule hubeba hata lulu dhaifu.

Kinachofuata ni unene, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa. Lulu nyingi za kufugwa baharini zina kiini ndani ambacho mfugaji amekipandikiza kwenye chaza: kijiduara kilichochongwa kutokana na ganda la kome, kwa miaka mingi wale wa mto Mississippi nchini Marekani. Chaza hukivika kiini hicho tabaka zake, na mfugaji mwenye haraka huvuna kabla hajavika vya kutosha. Hapo unanunua ganda la kome lililopakwa lulu kidogo. Biringisha punje taratibu chini ya taa: ikiwa inameta na kufifia, inameta na kufifia, kiini kinaonekana kupitia utando. Chungulia pia tobo la uzi. Pakiwa pamemomonyoka, au mpaka kati ya kiini na utando uko karibu sana na ukingo, miaka ya kidani hicho ni ya kuhesabika.

Kwa hesabu hiyo, lulu za kome wa maji yasiyo na chumvi, ambazo nyingi hutoka China, hudharauliwa bure. Nyingi hupandwa kwa kipande cha nyama ya kome mwenzake tu, bila kiini kigumu, kwa hiyo ni lulu tupu toka juu hadi katikati. Ni kweli chache huwa duara kamili, na nyingi hazifikii ukali wa mng'ao wa Akoya bora. Lakini anayenunua kidani cha kwanza na ana fedha ya wastani, namshauri achague zilizong'aa katika hizi kuliko Akoya ya daraja la chini.

Nikitaja daraja, niseme na hili. Herufi AAA kwenye kibandiko hazina mamlaka yoyote nyuma yake. Hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima cha kupanga lulu. GIA, taasisi ya vito ya Marekani, hutazama mambo 7: ukubwa, umbo, rangi, mng'ao, uso, ubora wa tabaka na jinsi punje zinavyolingana. Muuzaji hujitungia herufi zake, na AAA ya huyu inaweza kuwa A ya yule. Wapo wanaoandika hadi AAAA. Akikwambia daraja, mwambie akueleze kwa maneno: uso una dosari ngapi, mng'ao ukoje, tabaka ni nene kiasi gani. Akishindwa, herufi hizo ni pambo la kibandiko.

Rangi ni mapenzi ya mtu, ila uliza kama ni ya kuzaliwa nayo. Chaza wa Tahiti hutoa lulu za kijivu, kijani na weusi bila kusaidiwa. Chaza wakubwa wa Australia, Indonesia na Ufilipino hutoa nyeupe, za fedha na za dhahabu. Akoya nyeusi tititi karibu kila mara imetiwa rangi au imepigwa mionzi. Si kosa, mradi umeambiwa na bei imeshuka kulingana na hilo.

Kuhusu lulu za asili na za kufugwa, naona watu huzionea aibu za kufugwa bila msingi. Mwaka 1893 Mjapani Kokichi Mikimoto alifanikiwa kupata lulu za kufugwa, zikiwa nusu duara, na baadaye ufugaji wa lulu duara ukabadilisha biashara nzima. Mwaka 1917 sonara Mfaransa Pierre Cartier alipata jumba la Fifth Avenue mjini New York kwa kutoa dola 100 na kidani cha lulu za asili kilichothaminiwa dola milioni 1. Kilipopigwa mnada mwaka 1957, lulu za kufugwa zikiwa zimeshajaa sokoni, hakikufikia hata robo ya thamani ile. Ya kufugwa ni lulu kamili. Chaza ndiye aliyeijenga. Kujaribu kwa meno, ukasikia ukwaruzo mdogo, kutaitenga lulu na kioo na plastiki tu. Asili na ya kufugwa hutenganishwa kwa eksirei maabara. Anayekuuzia "ya asili" bila cheti cha maabara, mwache na lulu yake.

Umbo lipe nafasi ya mwisho. La Peregrina, mojawapo ya lulu mashuhuri kuliko zote, ina umbo la tone, na mwaka 2011 kidani chake kiliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 11. (Aliyekuwa mmiliki wake, mwigizaji Elizabeth Taylor, alisimulia kwamba aliwahi kuipoteza akaikuta mdomoni mwa mbwa wake.) Zile zilizopinda bila mpangilio huuzwa nafuu kuliko duara, na mimi huzipenda zaidi: hakuna mbili zinazofanana, na mikunjo yake hucheza na mwanga.

Chagua pia pambo kwa jinsi litakavyotumika. Ugumu wa lulu katika kipimo cha Mohs ni kati ya 2.5 na 4.5, mbali sana chini ya almasi yenye 10, kwa hiyo pete ya lulu ya kuvaa kila siku siiungi mkono. Mkono hugonga kila kitu. Hereni hazigongani na chochote, na zinahitaji punje mbili tu za kulingana badala ya hamsini. Kidani nacho kitazame uzi: hariri iliyopigwa fundo kati ya kila punje, ili ukikatika usipoteze zaidi ya moja. Manukato na dawa za nywele zitangulie, lulu zivaliwe mwisho, zikivuliwa zifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu. Mafundo yakianza kulegea na punje zikawa zinateleza, peleka kidani kikatungwe upya hata kama uzi haujakatika.