Juri na mgonjwa wa akili: wanaamua wakiwa gizani

Kila kesi ya mauaji Marekani ambayo wakili anasema mteja wake alikuwa mgonjwa wa akili, mtandaoni watu wanawaka palepale: ujanja huo, anakwepa jela. Hasira yao naielewa. Mtu ameuawa, ndugu zake wamekaa mahakamani wanamsikia daktari wa upande huu anasema jamaa alikuwa hajitambui, wa upande ule anasema alijua vizuri tu, na wote wamelipwa kuja, sasa mjumbe wa juri, lile kundi la raia wa kawaida linaloamua kama mshtakiwa ana hatia, amwamini nani? Na ni kweli kuna anayeumwa na bado anajua anachofanya, ndo maana tangu kanuni za kisheria zinazoitwa M'Naghten, Uingereza 1843, kuumwa peke yake hakutoshi, swali ni je, alijua anachofanya, na alijua ni kosa?

Lakini kusema huu ni uchochoro wa kukwepea jela, hapana jamani. Utafiti wa majimbo 8 uliochapishwa 1991 ulikuta utetezi huu unatumika kwenye kama asilimia 1 tu ya kesi kubwa za jinai, na unafanikiwa robo hivi. Yaani kwenye kesi 1,000, kumi hivi wanajaribu, wawili watatu wanapita, na hata kati ya hao, wachache tu ndo walipitishwa na juri, wengi waliamuliwa na hakimu au pande zote zilikubaliana. Juri kudanganywa kirahisi iko wapi hapo?

Angalia kesi ya Andrea Yates, Texas. Juni 2001 aliwazamisha watoto wake watano kwenye bafu nyumbani, halafu akapiga simu polisi mwenyewe. Alishalazwa kwa ugonjwa wa akili kabla ya hapo, na aliamini anawaokoa wanawe na moto wa jehanamu. Upande wa mashtaka ukaishika ile simu: kama alipiga polisi basi alijua ni kosa. 2002 juri ikamtia hatiani, kifungo cha maisha. Hukumu ikaja kufutwa kwa sababu mtaalamu wa mashtaka alitoa ushahidi usio wa kweli kuhusu kipindi cha televisheni ambacho hakikuwahi kuwepo, na 2006 juri nyingine ikasema hana hatia kwa sababu ya ugonjwa. Mama yuleyule, simu ileile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria ya Texas inakataza juri kuambiwa mtu akikutwa hivyo anapelekwa wapi. Wanaingia chumbani wakidhani kesho atakuwa mtaani! Wakati Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema 1983, kesi ya Jones, aliyejaribu kuiba jaketi, kosa ambalo kifungo chake hakizidi mwaka mmoja, kwamba mtu aliyeonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili anaweza kushikiliwa hospitali hata kupita muda wa kifungo chenyewe. Hinckley aliyempiga risasi Rais Reagan wa Marekani 1981 alionekana hana hatia kwa sababu hiyohiyo 1982, akatoka hospitali kwenda kuishi nje 2016, masharti yakaisha 2022.

Wanaopinga wanasema juri iangalie ushahidi tu, adhabu sio kazi yake. Ni hoja nzito, sikatai, ila haiwezekani raia 12 wasiwaze huyu mtu atakwenda wapi, watawaza tu, na watawaza vibaya kwa sababu hamna aliyewaambia. Kuna majimbo hakimu anawaeleza wazi kabla hawajaenda kujadiliana, na Texas ingeweza kufanya hivyohivyo.