Remmy Ongala: Gitaa la Kongo, Ubeti wa Dar es Salaam

Wapo wanaomsikiliza Remmy Ongala kwa gitaa na wapo wanaomsikiliza kwa maneno, na ubishi kuhusu chimbuko la mtindo wake umegawanyika vivyo hivyo. Wa kwanza humhesabu kuwa mwanamuziki wa Kongo aliyehamia Dar es Salaam akabadilisha lugha tu. Wa pili humwona kuwa mtunzi aliyefinyangwa na jiji hili. Mwenyewe, katika albamu iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Real World ya Uingereza, aliweka wimbo uitwao "Muziki Asili Yake Wapi", kana kwamba alijua ubishi huo ungemfuata.

Hoja ya Kongo si nyepesi. Remmy alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akiwa mtoto wa mwimbaji na mpiga ngoma wa jadi, akakua wakati rumba ya vigogo wa muziki wa Kongo, akina Franco na Tabu Ley, ikitamba. Na alipokuja Dar es Salaam mwaka 1978 alifikia katika Orchestra Makassy, bendi ya jamaa yake Mzee Makassy, kabla ya kuhamia Super Matimila. Ukiyasikiliza magitaa ya Matimila yanavyopokezana, rithimu inazunguka palepale bila kuchoka, solo inapanda juu yake kwa vifungu vifupi vinavyojirudia, na besi inaacha nafasi badala ya kuijaza. Hayo ni malezi ya Kongo, na anayekana anajisumbua bure.

Hata hivyo, Dar es Salaam aliyoikuta haikuwa ikimsubiri aje kuifundisha rumba. Maquis du Zaire, bendi ya Wakongo, walikuwa wamekwishaweka makazi, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikuwa amewazoesha wasikilizaji gitaa lenye asili ya ng'ambo ya ziwa likibeba visa vya Kiswahili. Tena Kindu kwenyewe, katika Maniema, Kiswahili ni lugha ya mjini, kwa hiyo hata hilo la kubadilisha lugha linatiwa chumvi.

Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, umo katika mgao wa wimbo. Rumba ya Kongo na muziki wetu wa dansi vina sehemu mbili: kwanza beti zinazoimbwa taratibu, kisha sebene, pale magitaa yanapochemka na watu wanajaa ukumbini kucheza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kanda Bongo Man, Mkongo aliyekuwa akirekodi Paris, alijipatia jina kwa kuzikata beti na kuikimbilia sebene, kwa kuwa soko la sahani za santuri na la kumbi za Ulaya lilitaka watu wacheze mara moja. Miaka hiyohiyo Remmy alikwenda upande wa pili kabisa. Ubeti ulirefuka, ukageuka hotuba, ukawa maombolezo, mara mzaha, na sebene ikasubiri zamu yake. Watu wawili wenye chimbuko moja la rumba wakaachana njia, na sababu haiwezi kuwa Kongo, maana Kongo walikuwa nayo wote wawili.

Sababu ni riziki na msikilizaji. Bendi za Dar es Salaam hazikuwa na soko la maana la sahani. Zilikula kiingilio cha mlangoni, na nyimbo zikasambazwa na Radio Tanzania, ambayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa redio pekee Tanzania Bara. Mtunzi aliwaimbia watu walewale wiki baada ya wiki, nao walikaa mezani kwanza, bia mkononi, wakingoja kuambiwa jambo. Asiye na neno hakurudiwa. Ndiyo maana "Kifo" na "Mnyonge Hana Haki" zinasikika kama zimetungwa kwa mtu aliyeketi, ambaye kucheza atacheza baadaye.

Upande wa Kongo una jibu, nalo ni zuri: Franco naye alikuwa msema kweli wa mitaani, na mwaka 1987 aliimba "Attention na Sida", onyo refu kuhusu UKIMWI. Kwa hiyo kuwasemea wanyonge au kuimba kuhusu ugonjwa huo hakuthibitishi chochote kuhusu Dar es Salaam. Ila Franco anaonya kwa sauti ya mzee wa heshima, sehemu kubwa kwa Kifaransa, kana kwamba anahutubia taifa zima. Remmy, katika "Mambo kwa Soksi", anauita mpira wa kiume soksi na kulizungumza suala zima kwa utani wa kijiweni, jambo ambalo kila mtu alilielewa na Radio Tanzania ikakataa kulipiga. Funzo ni lilelile, lakini mzaha huo hauna alama ya Franco.

Linalobaki kwa Wakongo, na sioni wa kuwanyang'anya, ni solo. Mtu asiyejua neno hata moja la Kiswahili akiisikia Matimila sebene inapoingia, atataja Kinshasa kabla ya Dar es Salaam, na hatakuwa amekosea.