Namba Uliyopewa Haipatikani

Jamani, orodha za namba za huduma ambazo wahudumu wa simu za msaada huwatajia wapigaji zinatesa watu! Mtu anatafuta kliniki au pa kulala usiku huo, anatajiwa namba, anapiga: "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Ikipokelewa, kumbe wanahudumia watoto tu. Huduma hizi hufungwa na kuhama kila ufadhili ukiisha, halafu orodha inahakikiwa kwa baruapepe ambayo hakuna anayeijibu. Nyie mnaotunza orodha, pigeni simu kwa kila huduma! Ulizeni saa za kazi, masharti, nyaraka zinazotakiwa, na kama nafasi ipo leo. Na mhudumu asiishie kutaja namba. Aunganishe laini moja ya watu watatu, yaani yeye, mwenye shida na mpokeaji wa huduma ile, amweleze mpokeaji shida yenyewe, asikie wameelewana, ndipo ajitoe.