Usipime singa ya mkonge kama unga

Kila nikisoma ripoti inayotaja asilimia ya ukristali wa mkonge, yaani sehemu ya singa iliyojipanga kwa utaratibu wa kristali, kwanza natafuta singa zilivyowekwa mbele ya eksirei. Mara nyingi sikuti kitu. Namba ipo, na desimali zake mbili, lakini mlalo wa singa haukutajwa popote. Namba ya namna hiyo siikubali.

Ndani ya singa, selulosi, kiini cha kuta za mimea, imejipanga katika vijiuzi vyembamba vinavyofuata urefu wake, vikiinama kidogo. Ukizilaza singa kwenye kishikio cha difraktomita ya kawaida, mashine inayopima eksirei zinavyotawanywa na kristali kwa kila pembe, mashine huona tu matabaka ya atomi yaliyo sambamba na uso wa sampuli. Kilele cha digrii 22.7, yaani pembe ambapo eksirei hutawanywa kwa nguvu (kwa eksirei ya shaba), kinapaa, na cha digrii 34.5, kinachotoka kwenye matabaka yanayokata singa kwa upana, karibu kinatoweka. Selulosi haijabadilika hata kidogo, imelala tu.

Hapo ndipo fomula ya Segal ya 1959, inayokadiria ukristali, inapoleta balaa. Inachukua urefu wa kilele kile cha 22.7, inatoa urefu wa bonde la digrii 18 (linalochukuliwa kuwa la sehemu isiyo na mpangilio), kisha inagawanya kwa kilele chenyewe. Ilitungwa kwa pamba, iwe njia ya haraka ya kulinganisha. Leo inapachikwa kwenye singa zilizolazwa, na kilele kilichokuzwa na mlalo kinatangazwa kuwa faida ya kuziosha kwa sodiamu haidroksidi.

Njia ninayoiamini ni ya picha: fungu la singa lisimame mbele ya mwale mwembamba, kitambuzi bapa kiwe nyuma yake. Ila picha nayo haisomwi hivihivi. Mtawanyiko wenyewe hupunguza nguvu ya mwale kwa sababu ya upolaraishaji (mwelekeo wa mtetemo wa mawimbi ya eksirei), takriban asilimia 7 kwenye digrii 22.7 na 16 kwenye 34.5. Pikseli ya pembeni nayo iko mbali zaidi na hupigwa kwa mshazari, hivyo kwenye digrii 22.7 hupokea kama asilimia 78 ya ambacho ingepokea kama ingelikabili mwale kwa umbali wa katikati. Yaache haya mawili na zaidi ya robo ya nguvu imekupotea, kabla hata hujagusa ufyonzwaji ndani ya fungu na mtawanyiko wa hewa.

Kisha kuna hili ambalo wengi hulisahau. Kristali zimeuzunguka mhimili wa singa pande zote, kwa hiyo kila doa kwenye picha ni kipande tu cha pete inayouzunguka mhimili huo, na pete kubwa husambaza nguvu ileile kwenye mzingo mrefu zaidi. Lazima uzidishe nguvu ya doa kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili. Na kwa kuwa vijiuzi havikunyooka sawasawa, doa hutanuka likawa tao, linalorefuka kadiri unavyotoka katikati. Jumlisha tao zima, usisome ncha yake tu.

Rosalind Franklin na Raymond Gosling walipima nguvu za madoa ya nyuzi za DNA pale King's College London na kuzisahihisha kabla ya kuhesabu fankisheni ya Patterson, ramani ya umbali kati ya atomi, enzi ambazo hesabu zilifanywa kwa mkono. Sisi tuna kompyuta mezani.

Mkonge ulifika Tanga mwaka 1893, na leo singa zake zinatafutiwa kazi kwenye plastiki na saruji. Anayechagua singa kwa kazi hiyo anastahili vipimo vya kweli. Wahariri wa majarida wadai picha ghafi na maelezo ya mlalo. Asiye na kitambuzi cha picha azikate na kuzisaga singa ziwe unga usio na mwelekeo, na asizidishe, maana kinu cha mipira (chombo kinachosaga kwa mipira migumu inayobingirika ndani yake) kikizungushwa muda mrefu huvunja kristali zenyewe.