Vitanda vipya sawa, zamu ya usiku je?

Makala inasifu vitanda vipya vilivyopelekwa kwenye makazi ya wazee hapa Dar. Ni jambo jema kweli, ila kitanda hakimgeuzi mtu. Ili asipate vidonda vya kulala muda mrefu upande mmoja, mzee asiyejiweza anatakiwa ageuzwe takriban kila baada ya saa 2, hata usiku wa manane, na wahudumu wawili wakimnyanyua kwa shuka. Ukimburuta peke yako, ngozi inachunika. Kagua mfupa wa chini ya mgongo, nyonga na visigino. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute wekundu, pitisha mkono. Pakiwa pa moto, pagumu au peusi kuliko pembeni, kidonda kimeshaanza. Usipasugue, mlaze upande mwingine.

Na joto hili! Wazee wengi hawasikii kiu, kwa hiyo jagi la mezani halisaidii. Mnyweshe kidogo kidogo kila unapopita. Uji anywe akiwa ameketi wima na abaki hivyo nusu saa, asije akapaliwa. Akianza kuweweseka ghafla, jamani, msiseme ni uzee tu. Mpimeni homa, sukari na mkojo siku hiyohiyo.

Mwandishi, ukirudi huko, uliza saa 8 usiku wahudumu wanabaki wangapi.