Joto la Dar si sababu ya kuweka oili nzito

Kuna sentensi nimeisikia kwenye karibu kila gereji niliyosimama, kuanzia Gerezani mpaka Tegeta: "Huku kwetu kuna joto, weka oili nzito." Inasemwa kwa nia njema, na wanaoisema ni mafundi ninaowaheshimu. Lakini naamini inaua injini nyingi za magari madogo tunayoagiza Japani, na kwa kuwa inaziua polepole, hakuna anayeilaumu.

Mimi mwenyewe niliifuata miaka miwili. Toyota IST yangu ya mwaka 2003, injini ya 1NZ, ilikuwa inapewa oili nzito ya 20W-50 kila sevisi. Asubuhi nikiwasha inagonga, ka-ka-ka-ka, sekunde nne tano hivi, halafu inatulia. Fundi akaniambia, "Mwanangu, gari ya zamani hiyo, zoea tu." Nikazoea. Siku moja naosha gari, nikaiona stika ya Kijapani kwenye fremu ya mlango wa dereva, ile wanayobandika kule wakishamwaga oili. Kijapani sisomi, ila kuna kitu kimoja kiliandikwa kwa kalamu na kilisomeka vizuri: 5W-30.

Herufi W kwa Kiingereza ni ya majira ya baridi, na hapo ndipo wengi wetu tunapoachana nayo. Dar haina theluji, itatuhusu nini? Inatuhusu sana. Namba iliyo mbele ya W, kama 5 kwenye 5W-30, inahusu oili inavyotiririka injini ikiwa imelala. Ya nyuma, ile 30, inahusu uzito wake, yaani ugumu wa kutiririka, ikishapata moto wa nyuzi 100. Na kwa oili, chochote kilicho chini sana ya huo moto ni baridi. Asubuhi ya Desemba pale Mbagala, nyuzi 27, unayetokwa jasho ni wewe, oili bado imelala. 5W-30 ya kawaida ikiwa nyuzi 40 ni nzito karibu mara sita kuliko ikiwa nyuzi 100. Na kwenye nyuzi hizohizo 40, 20W-50 inaizidi 5W-30 zaidi ya mara mbili.

Sasa fikiria ufunguo unapogeuzwa. Oili iko chini kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, kamshafti, mhimili unaofungua vali, iko juu kabisa, na mpaka oili ipande, chuma kinasuguana na chuma juu ya utando mwembamba uliobaki tangu jana. Kule kugonga kwa asubuhi kulikuwa kunatoka huko. Injini hizi za VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa vali kufunguka, zinategemea presha ya oili kuirekebisha kamshafti, tena kupitia vali yenye kichujio cha matundu madogo sana. Fundi atakuambia presha iko juu. Ni kweli, lakini nyonya uji mzito kwa mrija uone: mashavu yanakaza, kinachofika mdomoni ni kidogo. Oili ikiwa nzito mno, vali ya usalama ya pampu inafunguka na kuirudisha nyingine kabla haijapanda.

Wazee wetu hawakujifunza vibaya. Walijifunzia kwenye Land Rover za zamani na Peugeot 504, injini zenye nafasi kubwa kati ya vyuma, na huko oili nzito ilikuwa na kazi yake. Hata leo Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ inakwenda na 15W-40 bila shida. Kosa ni kuchukua dawa ya Land Rover ukaipa Vitz.

Wala sisemi kila gari liwekwe oili nyepesi kuliko zote. Oili ya 0W-20 ililetwa zaidi kwa ajili ya kubana mafuta, na vitabu vya Toyota vyenyewe vinasema oili yenye namba kubwa zaidi inaweza kufaa gari likienda kasi sana au likibeba mzigo mzito. Mtu anayepanda mlima Kitonga na familia nzima na magunia nyuma, kifuniko chake cha oili kinasema 0W-20, akiweka 5W-30 sitabishana naye. Hiyo ni hatua moja. Kurukia 20W-50 ni jambo jingine kabisa.

Niliporudi kwenye 5W-30, oili ya zamani ilitoka nyeusi na nzito, inavuta kama asali. Injini hii inachukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta. Kugonga hakukuisha siku ile. Kulipungua sevisi hadi sevisi, na sasa nasikia kidogo tu gari likilala siku mbili. Namwaga kila kilomita 5,000 au miezi sita, kwa sababu foleni ya Ubungo inachosha oili huku mita ya kilomita imesimama. Galoni likiisha nalitoboa kabla sijalitupa, wasije wakalijaza oili chafu wakaliuza tena.

Kwa gari ambalo tayari linakula oili, hapo naielewa 10W-40. Itapunguza moshi, utasukuma miezi kadhaa ukitafuta hela. Ila ringi za pistoni zilizoganda zitabaki zimeganda, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili kila Jumapili asubuhi kabla hujawasha, kifute, kirudishe, kichomoe tena usome.