Sidamo Ni Jina la Nani?

Mwaka 2005 Ethiopia ilipoomba kusajili Marekani majina Yirgacheffe, Harar na Sidamo kuwa alama za biashara, yaani majina yasiyotumiwa na mwingine bila ruhusa ya mwenyewe, wafanyabiashara wengi wa kahawa waliona kioja. Hayo ni majina ya mahali, walisema. Nchi ikitaka kulinda kahawa ya eneo lake ichukue alama ya uthibitisho, inayothibitisha tu kwamba kahawa imetoka huko, kama walivyofanya Kolombia. Chama cha kitaifa cha kahawa cha Marekani kikapinga, na ofisi ya usajili mwanzoni ikayakataa Harar na Sidamo: eti yamekwisha kuwa majina ya kawaida ya kahawa.

Hoja ya uthibitisho ina uzito. Mnywaji huhakikishiwa kahawa ilikotoka, ilhali mwenye alama ya biashara anaweza kuruhusu hata kahawa hafifu ibebe jina, likachakaa.

Ila kahawa ya Ethiopia hulimwa na wakulima wadogo wengi mno, baadhi wakiwa na miti michache tu uani, na siku hizo ilipita mikononi mwa wachuuzi kabla ya kufika mnadani. Kukagua asili ya kila gunia kunataka watu, makaratasi na ada, na ada hizo mwisho wake humwangukia mkulima. Tena mwenye alama ya uthibitisho hachagui nani alitumie jina. Atimizaye masharti hanyimwi. Mwenye alama ya biashara huchagua.

Itazame bei. Starbucks, kampuni kubwa ya mikahawa ya Marekani, iliwahi kuuza Sidamo ya kukaushwa juani kwa dola 26 kwa ratili, mkulima akiambulia takriban dola moja. Mkaangaji ana gharama zake, sikatai: kodi ya duka, mishahara, usafiri, hata uzito unaopotea motoni. Zitoe zote, bado sehemu kubwa ya pengo hilo mnunuzi anailipia jina. Na Starbucks ilikwisha kuomba, mwaka 2004, alama yake yenye neno Sidamo ndani. Jina la kawaida gani hilo, linalogombewa hivyo?

Juni 2007 Ethiopia na Starbucks zilikubaliana: Starbucks ikatambua majina hayo kwa leseni isiyo na mrabaha, yaani bila kulipia matumizi ya jina. Wakosoaji huuliza faida iko wapi. Mimi naiona katika kule kuomba ruhusa: mnunuzi mkubwa alisaini mkataba na mwenye jina, na mkataba hujadiliwa upya.

Msafirishaji wetu wa kahawa hapa Tanzania asidhani cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, kitamlindia jina huko Marekani. Hakivuki hata kwenda Zanzibar, ambako kuna msajili mwingine.